Lenzi Mbili Uso kwa Uso: Tumwone Mdudu Kabla ya Kununua Dawa



Somo letu safari hii ni la vitendo. Linahusu kamera, lakini si la wapiga picha wa harusi peke yao. Ni la kikundi chochote kinacholima nyanya, vitunguu, mahindi au sukuma wiki, na ambacho kimewahi kununua dawa, kikanyunyizia, na wadudu wakabaki pale pale. Tutajifunza jinsi ya kuchukua lenzi mbili za kamera, kuzifunga uso kwa uso, na kupata picha kubwa ya mdudu ambaye kwa macho matupu ni kama punje ya vumbi tu.

Lisomeni somo hili pamoja. Mmoja asome kwa sauti, mwingine ashike vifaa, wengine wafuate na kuuliza. Vikundi vingi vitahitaji mikutano miwili: wa kwanza kuelewa, wa pili kujaribu.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Tuseme majani ya nyanya yameanza kupata vidoadoa vyeupe na vya manjano, halafu yanakauka kama yaliyopitiwa na moto. Mwanakikundi mmoja anasema huo ni ukungu. Mwingine anasema ni ukosefu wa mbolea. Wa tatu anasema, "Hao ni wadudu, twendeni agroveti." Huko dukani muuzaji anauliza, "Wadudu gani?" Hakuna anayejua. Basi wanapewa dawa ya wadudu wa kawaida, mweka hazina anatoa pesa, na kazi ya kunyunyizia inaanza.

Sasa huenda shida yenyewe ni utitiri mwekundu. Mdudu huyu ana urefu wa nusu milimita hivi. Anakaa upande wa chini wa jani na kufuma utando mwembamba, kwa maana yeye ni wa jamaa ya buibui, si wa jamaa ya inzi wala kiwavi. Dawa nyingi za kuua viwavi na inzi hazimwezi. Tena baadhi yake, hasa zile za jamii ya pairethroidi, huua wale wadudu wazuri wanaomla utitiri. Kwa hiyo unanyunyizia leo, na baada ya muda mfupi utitiri ni wengi kuliko mwanzo. Pesa imeenda, nyanya zimeenda, na sumu imebaki shambani.

Yuko utitiri mmoja wa nyanya ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa Kenya amejulikana tangu 2001, na anaweza kukausha shamba zima la nyanya. Mkulima hawezi kumtambua kwa kumtazama tu akiwa amesimama kwenye mstari. Anahitaji kumwona akiwa mkubwa, ahesabu miguu yake, na amwonyeshe mtu mwingine anayejua. Hapo ndipo lenzi zinapoingia.

SIRI YA KUIGEUZA LENZI

Lenzi ya kamera imetengenezwa iwe na mbele na nyuma. Mbele inatazama kitu kikubwa kilicho mbali, kama vile mlima au maharusi. Nyuma inachora picha ndogo ya kitu hicho kwenye filamu iliyo karibu, sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi.

Lakini mwanga haujali mbele wala nyuma. Njia uliyoingilia unaweza pia kutokea. Ukimweka mdudu nyuma ya lenzi, pale pale ambapo filamu ingekaa, mwanga unaotoka kwake unapita ndani ya lenzi na kutokea mbele ukiwa umenyooka, kana kwamba umetoka mbali sana. Sasa ukiweka hapo mbele lenzi ya pili, ambayo imefungwa kwenye kamera na kuelekezwa mbali, lenzi hiyo inaupokea mwanga huo na kuchora picha. Ndiyo sababu lenzi zinatazamana uso kwa uso: ya kwanza imegeuzwa, ya pili imekaa kama kawaida.

Kwa nini tusiiweke ile ya kwanza bila kuigeuza? Kwa sababu lenzi huchora vizuri pale ambapo kitu kidogo kiko karibu na upande wake wa nyuma. Mdudu ni mdogo na yuko karibu, basi apewe upande huo. Faida nyingine ni kwamba lenzi nyingi zina meno ya skrubu upande wa mbele, na kwa meno hayo tunaweza kuziunganisha.

HESABU YAKE NI RAHISI

Kila lenzi ina namba ya milimita iliyoandikwa kwenye mdomo wake, kwa mfano 50 mm au 200 mm. Chukua namba ya lenzi iliyo kwenye kamera, igawe kwa namba ya lenzi iliyogeuzwa. Jibu ni mara ngapi mdudu atakuzwa.

- Kamera ina 100 mm, iliyogeuzwa ni 50 mm: mara 2.
- Kamera ina 200 mm, iliyogeuzwa ni 50 mm: mara 4.
- Kamera ina 200 mm, iliyogeuzwa ni 28 mm: mara 7 na kidogo.

Mara 4 ni nini hasa? Ndani ya kamera kuna kibamba kinachopokea picha, mahali ambapo zamani filamu ilikaa. Mdudu wa nusu milimita atachorwa juu ya kibamba hicho akiwa na milimita 2. Katika kamera nyingi za siku hizi kibamba kina upana wa milimita 24 hivi. Kwa hiyo picha yote inaonyesha milimita 6 tu za jani, na utitiri mmoja anachukua sehemu moja ya kumi na mbili ya upana huo. Ukiifungua picha kwenye kompyuta na kuikuza, miguu yake inahesabika.

Tukiwa wageni wa kazi hii, tuanze na mara 2 au mara 4. Mara 7 inataka mkono uliozoea.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Kamera ya kutoa na kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi ya 100 mm hadi 200 mm. Si lazima kikundi kinunue. Mpiga picha wa sokoni huwa nayo. Kubalianeni naye aje nusu siku, na mmlipe kama mnavyomlipa fundi mwingine.

2. Lenzi ya zamani ya 50 mm. Kamera nyingi za filamu ziliuzwa zikiwa na lenzi kama hii, na bado zimo kwenye kabati za studio na za wapiga picha wakongwe. Hata kama kamera yake imekufa, lenzi yaweza kufaa. Chagua ile yenye ringi ya kuzungusha namba za tundu, kama 1.8, 2.8, 4, 5.6 na 8. Kabla ya kulipa, itazame kuelekea dirishani. Ukiona nyuzi nyuzi kama za utando ndani ya kioo, huo ni ukungu, iache.

3. Ringi ya kuunganishia, yenye meno pande zote mbili. Kipimo cha meno huandikwa kwenye lenzi kando ya alama ya duara lililokatwa kwa mstari: 49, 52, 55, 58 na kadhalika. Andika vipimo vya lenzi zote mbili kabla ya kwenda kutafuta ringi.

4. Kama ringi haipatikani: tepu nyeusi ya fundi wa umeme na ukanda wa katoni.

5. Rula yenye milimita, tochi, karatasi nyeupe, vitabu vichache, na mfuko mdogo wa maharagwe au mchanga wa kulazia kamera.

HATUA KWA HATUA

1. Fanyeni kazi ndani ya nyumba, karibu na dirisha. Shambani upepo kidogo tu unalitikisa jani, na picha inaharibika.

2. Fungeni lenzi ndefu kwenye kamera. Zimeni mtambo wake wa kujilenga wenyewe. Zungusheni ringi ya kulengea hadi kwenye alama ya mbali kabisa, ile inayofanana na namba 8 iliyolala.

3. Lenzi ya 50 mm nayo iwekwe kwenye alama hiyo hiyo ya mbali. Tundu lake lifunguliwe lote, yaani namba ndogo kuliko zote, kama 1.8 au 2.

4. Unganisheni nyuso mbili kwa ringi. Msikaze kwa nguvu. Kama mnatumia tepu, zungusheni kwanza ukanda wa katoni kwenye maungio ili lenzi zikae sawasawa, kisha fungeni tepu mara kadhaa mpaka mwanga usipenye.

5. Lazeni kamera juu ya mfuko wa maharagwe. Mfuko ubebe pia uzito wa lenzi, usiachwe uvute mdomo wa kamera.

6. Kwenye lenzi ya kamera wekeni tundu namba 8 au 11. Msivuke 16, kwa sababu tundu likiwa dogo mno picha nzima inafifia.

7. Anzeni na rula kabla ya mdudu. Isimamisheni mbele ya lenzi iliyogeuzwa, sentimita 4 hivi kutoka kwenye mgongo wake, mmulike kwa tochi, halafu isogezeni polepole mbele na nyuma. Mistari ya milimita itatokea ghafla. Pigeni picha hiyo na kuihifadhi. Mkihesabu mistari, mtajua picha yenu ina upana wa milimita ngapi, na kutoka hapo mtajua urefu wa kila mdudu.

8. Sasa leteni jani, upande wa chini ukitazama lenzi. Libaneni kwenye kitabu ili lisimame wima. Mkitaka kulenga, sogezeni kitabu. Ringi ya lenzi msiiguse tena.

9. Mulikeni kwa tochi kutoka upande mmoja, na upande wa pili simamisheni karatasi nyeupe irudishe mwanga.

10. Tumieni ile saa ya kamera ya kujipiga yenyewe baada ya sekunde chache, ili kidole kisiitikise. Pigeni picha nyingi, kila mara mkisogeza kitabu kidogo sana. Katika ukuzaji wa mara 4 unene unaoonekana safi haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Picha moja itaonyesha mgongo, nyingine miguu, na zote zina kazi.

ANGALIENI USALAMA

Msielekeze lenzi hizi kwenye jua kamwe, na mtu asitazame jua kupitia kwazo. Zinaweza kuharibu jicho kwa muda mfupi sana. Kumbukeni pia kwamba mgongo wa lenzi iliyogeuzwa uko wazi. Msiuguse kwa kidole, wala msiulete karibu na pampu ya dawa. Kazi ikiisha, ufunikeni na kuweka lenzi mahali pakavu penye hewa. Ukungu wa lenzi hupenda giza na unyevu.

IKIWA PICHA HAIFAI

- Pembe zote ni nyeusi: huenda lenzi ya kamera ni ya kuvuta na haijavutwa yote. Ipelekeni kwenye namba yake kubwa. Hakikisheni pia tundu la lenzi iliyogeuzwa limefunguliwa.
- Hakuna kinachoonekana, ni rangi tupu: jani liko mbali mno au karibu mno. Rudini kwenye rula.
- Picha imepauka kama yenye moshi: mwanga unapenya kwenye maungio, au tochi inapiga kioo cha lenzi moja kwa moja. Ongezeni tepu, au geuzeni tochi.
- Kila kitu kimevutika upande mmoja: kuna kinachotikisika. Angalieni meza kwanza.

NA SISI WENYE SIMU TU?

Wengine watasema, "Hayo ni ya wenye kamera." Hapana, hesabu ni ile ile, na simu pia ina lenzi. Lakini ile ya simu ni fupi sana, milimita 4 hadi 6 hivi. Ukiigawa kwa 50 unapata kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa utitiri hiyo haitoshi. Kwa kiwavi inatosha vizuri!

Chukueni viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya 2017 na kushambulia mahindi. Alama zake ni mistari inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa usoni, na vidoa vinne vilivyopangwa kama mraba karibu na mkia. Geuzeni lenzi ya 50 mm, uso wake utazame simu na mgongo utazame kiwavi, kisha mpige. Mtapata duara la picha lenye kingo nyeusi. Hilo si kosa. Alama zimo katikati.

Kwa mdudu mdogo zaidi, lenzi iliyogeuzwa nayo lazima iwe fupi. Mwaka 2014 watafiti Neil Switz, Michael D'Ambrosio na Daniel Fletcher wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, walieleza jinsi walivyochukua lenzi ndogo ya simu, wakaigeuza na kuiweka mbele ya lenzi ya simu nyingine. Namba mbili zikiwa sawa, ukuzaji kwenye kibamba ni mara 1, na kwa kuwa kibamba cha simu ni kidogo, picha yote inaonyesha milimita 5 hivi tu.

Fundi wa simu aweza kuwatolea lenzi kutoka kwa simu iliyokufa. Upande uliokuwa ukitazama nje sasa utazame lenzi ya simu nzima. Upande uliokuwa ndani umtazame mdudu. Ishikizeni kwa kipande cha tepu chenye tundu katikati. Jani lazima likaribie sana, karibu kugusa, kwa hiyo mulikeni kwa nyuma ili mwanga upenye kwenye jani lenyewe.

PICHA IMEPATIKANA, TUNATAZAMA NINI?

- Miguu 8, mwili wa mviringo, hana mabawa, kuna utando: utitiri. Watoto wake wachanga kabisa wana miguu 6, kwa hiyo tazameni zaidi ya mmoja.
- Miguu 6, mwili mwembamba mrefu wa milimita 1 hivi, mabawa kama manyoya: vithiripi, wanaosumbua sana vitunguu.
- Mwili kama peasi, na nyuma vimirija viwili vilivyosimama: vidukari.
- Mabawa meupe kama yaliyopakwa unga: inzi weupe.
- Miguu 8, mwili unaong'aa, mbio nyingi, tena anaonekana kati ya utitiri na mayai yao: huenda ni utitiri mzuri anayewala wenzake. Huyo ni mfanyakazi wenu asiyedai mshahara. Msimnyunyizie kabla ya kuuliza.

Lenzi hizi zina mpaka wake. Virusi na bakteria hazitaonekana. Kama jani limejikunja au lina madoa na mdudu hayupo, picha yenu bado imesaidia: imewaonyesha kwamba huenda dawa ya wadudu haihitajiki.

Mpelekeeni afisa wa kilimo wa wadi picha nne: mmea mzima, jani upande wa juu, jani upande wa chini, na mdudu aliyekuzwa. Ongezeni picha ya rula, jina la mmea, na tarehe. Kuuliza si ujinga. Afisa aliye mbali atawajibu vizuri zaidi akiona miguu minane kuliko akisikia "kuna vidudu vidogo vyekundu."

Wakati mnasubiri jibu, na kama ni utitiri, kuna kazi isiyohitaji chupa. Ondoeni majani yaliyoshambuliwa sana na kuyafukia. Mwagilieni maji ya kutosha, kwa maana utitiri hupenda joto na ukavu. Osheni upande wa chini wa majani kwa maji. Angalieni pia managu yaliyo karibu, kwani utitiri wa nyanya hukaa huko na kurudi. Na ikibidi kununua dawa, ombeni iliyosajiliwa na ambayo karatasi yake imetaja utitiri kwa jina. Fuateni kipimo chake na siku za kungoja kabla ya kuvuna.

MASWALI YA KUJADILI

1. Msimu uliopita kikundi chetu kilinunua dawa gani, na nani alijua jina la mdudu kabla ya kununua?
2. Ni nani kijijini au sokoni aliye na kamera au lenzi ya zamani? Tutamwendea kwa makubaliano gani?
3. Lenzi ya kamera ni 135 mm na iliyogeuzwa ni 50 mm. Mdudu atakuzwa mara ngapi? (Jibu: mara 2.7.)
4. Nani atatunza lenzi, na nani atatunza picha ili msimu ujao tuzilinganishe?
5. Tukubaliane: ni pesa kiasi gani zisitolewe kwa dawa mpaka picha ionyeshwe kwenye mkutano?

KAZI YA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi alete jani moja analolishuku, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ili wadudu wasisambae kwa jirani. Katibu aandike jani limetoka shamba gani na limeshambuliwa tangu lini. Anzeni na picha ya rula, kisha majani moja baada ya jingine, na hesabuni miguu kwa pamoja. Kazi ikiisha, majani yote yafukiwe au yachomwe.